Mnafu wa kwenye kopo

Nilipofungua lile kopo la mnafu mkavu jikoni kwa mama, harufu ilinifikia kabla hata sijaweka mfuniko chini. Haikuwa harufu ya kitu kilichooza kabisa, ilikuwa kama ile ya kitambaa cha kufutia meza kikisahaulika kwenye ndoo siku mbili. Mama alikuwa bandani anaongea na ng'ombe wake kama kawaida yake. Nikasogea dirishani kwenye mwanga, nikanusa tena, nikamimina majani kiganjani. Mengine yalikuwa makavu safi, ukiyafikicha yanavunjika. Mengine, hasa yale yenye vijiti, yalikuwa yamelegea, na kuna kitu cheupe kama pamba nyembamba kimeyashika.

Nilijua.

Hiyo ni Jumapili ya katikati ya mwezi wa saba, Kibosho, ubavuni mwa mlima Kilimanjaro, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na mlima hatujauona wiki ya pili. Nje ukungu, na kwenye kopo langu ukungu. Kiswahili kimeviita vyote viwili jina moja na siku ile nilielewa kwa nini, maana vyote vinakaa pale ambapo hewa ina unyevu na maji hayana pa kwenda.

Toka siku ile mpaka leo, kinachonisumbua siyo kwamba mboga ziliharibika. Mboga zinaharibika kila siku. Kinachonisumbua ni kwamba nilijua afu nikapika.

## Kama nywele za mgonjwa

Wazo lenyewe lilianza mwaka jana mwezi wa kumi. Nilimpigia mama simu, tukaongea mambo ya nyumbani, katikati akaniambia mnafu wake umekuwa kama nywele za mgonjwa. Alisema tu hivyo afu akahamia kwenye habari za msiba wa jirani, ila mimi ile kauli ilinikaa.

Mama yangu bila mnafu hajala. Unaweza ukampikia nyama, ukampikia wali, atashukuru vizuri kabisa, atakula, na jioni utamkuta anachuma majani pale pembeni ya mfereji anajitengenezea cha kwake. Anauchemsha, anamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu lakini hayamwagi yote, maana anasema uchungu ukiisha wote unakula nyasi. Afu kitunguu, afu maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe asubuhi. Basi. Na kipande cha ugali kidogo tu.

Sasa miaka ya karibuni ile zamu ya maji ya mfereji imekuwa ndefu, unapangiwa siku, siku yenyewe ikifika maji yanakuja membamba, na kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua za vuli zitakapoamua, kabustani kake kanakauka. Huku mjini Moshi nako mnafu wa miezi hiyo ni bei, na fungu lenyewe jembamba unalishika kwa vidole viwili.

Nikawaza, lakini si mwezi wa tano na wa sita, masika ikiisha, mnafu unamwagika sokoni? Nikanunue ukiwa rahisi, nikaushe, nimpelekee mama kwenye makopo akae nao mpaka vuli. Nilishaona wanavyokausha mboga mikoa mingine, nilishaangalia vidio kwenye simu, mtu anatandaza majani, jua linawaka, siku ya tatu anafungasha. Ilionekana kitu cha mtu yeyote mwenye mikono.

Nilifurahi sana na hili wazo, nisifiche. Mimi ni mtoto wake anayeishi karibu kuliko wote, nusu saa kwa daladala, na bado mara nyingi naenda mikono mitupu.

## Siku nane

Nilikwenda soko la Mbuyuni asubuhi ya kwanza ya mwezi wa sita. Fungu shilingi 200. Nikachukua mafungu 20, yule mama akaniongezea mawili, nikapanda bodaboda nimekumbatia mfuko wa majani kama mtoto.

Nikachambua mpaka saa nne usiku, vidole vikawa vyeusi. Nikaosha maji matatu kwa sababu ya mchanga. Asubuhi nikakatakata, nikatandaza kwenye mkeka wa plastiki juu ya kibanda cha kuku, nikafunika na neti ya zamani ya kitandani. Nikapiga picha. Nikaweka status WhatsApp nimeandika kiangazi kisitutishe, na watu wakaanza, hongera, wewe ni mwanamke wa shoka, naomba utufundishe. Hizo hongera nakuja kuzieleza mbele kwa sababu zilichangia.

Siku ya kwanza jua lilitoka saa saba mchana, likakaa kama saa moja na nusu, likaingia mawinguni.

Siku ya pili halikutoka.

Siku ya tatu manyunyu. Nikaingiza kila kitu ndani, nikatandaza juu ya meza jikoni, na jikoni ndo nilikuwa nachemsha maharage kwa hiyo mvuke wote wa maharage ulikwenda kukaa kwenye mboga zangu. Wakati ule hata sikuliwaza hilo.

Siku ya nne yale ya chini yalianza kugeuka rangi, siyo kijani tena, kama kahawia inayoelekea nyeusi. Nikajiambia ndivyo mboga zinavyokauka.

Siku ya tano mpaka ya nane ilikuwa kutoa nje, kuingiza ndani, kutoa, kuingiza, nikitoka kazini mchana kwenda kuangalia wingu kama mtu anayesubiri mgeni, na ile siku ya nane majani yalikuwa yakiguswa yanaita kachakacha, nikasema sasa yamekauka. Nilishachoka pia. Vijiti sikuvigusa kuona kama navyo vimekauka. Nikajaza kwenye makopo mawili makubwa ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, nikabana kabisa hewa isiingie, nikaweka kabatini.

Nikijua sasa ninachokijua, hapo ndipo palikuwa pabaya kuliko pote. Jani linakauka haraka kwa sababu ni jembamba, kijiti kinabaki na maji yake ndani. Ukivifungia pamoja kwenye kopo lisilopitisha hewa, yale maji ya kijiti hayapotei, yanatoka polepole yanakwenda kwenye majani, na baada ya wiki mbili tatu kopo zima lina unyevu wa kutosha kuvu kuota. Hewa niliyoizuia isiingie ndo hiyo hiyo niliizuia isitoke.

## Nikapika

Turudi jikoni kwa mama.

Nilikuwa na kopo mkononi na akili yangu ilifanya kazi haraka sana, haraka kuliko inavyofanya nikiwa natafuta ukweli. Ikaniambia, yenye pamba nyeupe si machache? Yatoe. Mengine osha maji ya moto. Chemsha sana. Moto unaua kila kitu. Na kwani zamani watu hawakula vitu vya namna hii? Na umetumia siku nane. Na watu zaidi ya 40 walikupa hongera. Na mama anajua unamletea mnafu mkavu, umeshamwambia kwenye simu mara tatu, ameshawaambia hadi majirani zake.

Hiyo ya mwisho ndo iliyonimaliza.

Nikachambua. Nikaosha. Nikachemsha dakika nyingi mpaka jikoni kote kukanuka ile harufu, nikamwaga maji yote, siyo nusu kama mama anavyofanya, yote. Nikakaanga vitunguu viwili badala ya kimoja. Nikaweka maziwa mengi. Kila nilichoongeza nilikiongeza kufunika, na mkono wangu ulikuwa unajua unafunika.

Nikamwekea mama sahani. Nikasimama mlangoni na mwiko.

Akala. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, akamaliza, akafuta sahani na kipande cha mwisho cha ugali. Akasema, "Asante mwanangu, Mungu akubariki." Mimi mwenyewe nilikula matonge matatu nikasema nimeshiba, nilipita kwa shoga yangu nikanywa chai na maandazi. Uongo. Sikupita kwa mtu.

Kopo la pili nikaliacha juu ya kabati lake. Nilirudi mjini nimekaa dirishani kwenye daladala, nikajisemea imepita.

## Simu ya Jumanne

Kaka yangu ndo alipiga. Mama anaharisha toka jana usiku, ana homa kidogo, wamempeleka zahanati. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda.

Nilimkuta ameshaandikiwa ORS na dawa, amekaa kwenye benchi amejifunika khanga mbili, ananitania kwamba nimekimbia kama nimesikia amekufa. Siku mbili akawa vizuri. Mganga aliyemhudumia aliuliza amekula nini, mama akasema chakula cha kawaida tu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikusema kitu.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna mtu aliyesema ni mboga zangu, wala hakuna aliyesema siyo. Yawezekana ilikuwa maji. Yawezekana ilikuwa maziwa. Kaka anasema kuna watoto wawili jirani nao waliumwa tumbo wiki ile ile na wao hawakula mnafu wangu. Nimelishika hili la watoto wa jirani mara nyingi sana usiku, nalishika nalitazama, afu naliweka chini, kwa sababu hata kama ni kweli halibadilishi nilichofanya jikoni.

Wiki hizo nilisoma sana. Nilisoma kuhusu sumukuvu, kwamba mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoingiwa nayo, kwamba moto wa jikoni hauiondoi, kwamba ule unyoya unaouona juu ya chakula laini una nyuzi zake zimeshapenya ndani usikokuona, kwa hiyo kutoa kipande chenye pamba na kubakiza kingine ni kujidanganya. Najua sumukuvu inapenda zaidi mahindi na karanga kuliko majani. Najua pia kuharisha siku mbili afu ukapona siyo kawaida yake. Lakini saa nane usiku hivyo unavyovijua havikupi usingizi.

Status yangu ile ya mkeka, ilishapotea yenyewe baada ya saa 24. Picha ilibaki kwenye simu. Niliifuta, nikaitoa tena kwenye takataka za simu, nikaiacha. Sijui kwa nini.

## "Jua la kuazima"

Mtu wa kwanza kumwambia ni jirani yangu hapa Pasua, ametokea Dodoma, kwao mboga kavu ni chakula cha nusu mwaka. Nilimwambia habari ya kukausha tu, ya mama sikumwambia siku hiyo.

Akaniuliza, "Dada, ulizipitisha kwenye maji ya moto?"

Sikuzipitisha.

Akaniuliza ulitandaza unene gani, nikamwonyesha kwa kidole, akatikisa kichwa. Akaniuliza vijiti ulivitoa, nikasema nilivikata humo humo. Akakaa chini kabisa. Akaanza kunieleza kama anayemfundisha mdogo wake, maji yakichemka weka chumvi kidogo, zamisha mboga dakika mbili tatu, toa, zichuje mpaka zisidondoshe hata tone, tandaza nyembamba jani lisilale juu ya jani, na siyo juani moja kwa moja, kivulini penye upepo, maana jua kali linachoma rangi na kupunguza vitamini. Jua siyo linalokausha, akasema, upepo mkavu ndo unaokausha. Afu chukua kijiti pinda. Kikipinda bado. Kikivunjika ta! ndo tayari.

Kwao mlenda ukishakauka hivyo wanautwanga unakuwa unga, unakaa mwaka mzima, na Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, ikikata imekata, mwezi wa sita upepo unavuma mkavu mpaka midomo inapasuka. Mboga unaianika asubuhi, jioni unaizoa.

"Huku kwenu," akasema, anaangalia juu ambako mlima ungekuwepo, "jua la mwezi wa sita ni la kuazima."

Wala hakucheka. Aliniambia wenye vikundi vya kukausha mboga huku kaskazini wanatumia kaushio la jua, lile sanduku la nailoni lenye matundu ya kupitisha hewa, joto linakaa ndani na unyevu unatoka, na hata wao siku za mawingu mfululizo wanasimama. Mimi nilikuwa na mkeka na neti.

## Kwa nini bibi hakukausha

Baada ya hapo swali likawa lingine na ndo limenishika kuliko yote. Kwa nini sijawahi kuona mnafu mkavu Uchagani? Bibi yangu alijua kuhifadhi ndizi, alijua kuhifadhi nyama kwa mafuta yake, alijua maharage na majivu. Mnafu hapana. Nilikuwa nimechukulia kwamba hawakuwaza tu. Yaani nilidhani nimegundua kitu ambacho wanawake wa mlima miaka yote hiyo hawakukiona.

Nikakaa nikahesabu miezi kwenye vidole. Mnafu unajaa mwezi wa tano na wa sita, na hiyo ndo miezi ya mawingu, baridi, manyunyu mpaka mwezi wa nane. Jua kali lenye hewa kavu linakuja Januari na Februari, na wakati huo mnafu wenyewe hakuna wa kutosha hata sufuria moja. Mboga ikiwepo jua halipo. Jua likiwepo mboga haipo. Walijua. Walikuwa wanaishi ndani yake.

Na hawakuhitaji. Kulikuwa na mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kutoka juu kwenye mito unapita kihamba hadi kihamba, yaani yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kulikuwa na nduwa za kukusanya maji ya usiku yatumike asubuhi, kulikuwa na kivuli cha migomba kinachofanya udongo usikauke. Kiangazi chao walikihifadhi kwenye maji. Mtu anaweka zamu ya mfereji, anamwagia mistari yake minne ya mboga, anachuma mbichi Oktoba kama anavyochuma Mei. Mimi nimeona maji yamepungua nikaenda kununua makopo.

Siwezi kusema kukausha ni ujinga, na wapo watu huku wanafanya vizuri sana, na nafikiri mwakani nitajaribu tena mafungu mawili tu kwenye kaushio la mtu. Lakini lile tatizo la mama, ile sentensi ya nywele za mgonjwa, lilikuwa tatizo la mfereji. Alikuwa ananiambia habari za maji. Nilisikia mboga.

Nimemuuliza kaka ni lini ile siku ya kuzibua mfereji, siku ambayo kila nyumba inatakiwa kutoa mtu mmoja. Akashangaa. Akasema toka nihamie mjini nyumba yetu imekuwa ikilipa faini.

## Nilimuuliza

Mwishoni mwa mwezi wa nane nikapanda Kibosho na nia moja. Kopo la pili lilikuwa pale pale juu ya kabati nilipoliacha, limefutwa vumbi. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilizunguka zunguka, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, mwisho nikakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake.

"Mama, ile mboga niliyokupikia mwezi wa saba. Ulisikia harufu?"

Hakuacha kumenya.

"Nilisikia."

"Sasa mbona ulikula?"

Akamaliza ndizi ile, akaiweka kwenye maji, akachukua nyingine.

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni na mwiko unaniangalia."

Nilishindwa kuongea. Nikamwambia kila kitu, siku nane, mvuke wa maharage, pamba nyeupe, maandazi ya uongo, zahanati nilivyonyamaza. Nililia na yeye aliniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunigombeza, alikuwa ananisogezea tu ndizi moja moja na mimi nikawa namenya huku nalia mpaka vidole vikanata utomvu.

Tulipomaliza akaniambia kuna mnafu kidogo umeota kule chini karibu na mfereji, nikachume kabla giza halijaingia. Nikachukua kisu. Nikachukua na lile kopo, nikaufungua mfuniko nikiwa nimegeuza uso, nikatoka nalo kuelekea bandani nikamwage kwenye chombo cha majani.

Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia nikasikia sauti yake kutoka ndani.

"Ng'ombe usimpe."